Nilivyoipiga Harusi ya Msambweni Bila Kuiona

Mlionisoma wiki iliyopita mlinicheka, na mlikuwa na haki. Kwa ambaye hakunisoma: mimi ni Luqman, mzaliwa wa Bodo, zamani mlinzi wa bwawa la kuogelea katika hoteli moja ya Diani. Niliacha kazi hiyo, nikanunua kamera ya DSLR iliyokwisha kutumika, nikajitangaza kuwa mpiga video za harusi.

Harusi yangu ya kwanza ilikuwa Ukunda. Niliishika kamera mikononi kutwa nzima, na picha ikatoka ikiyumba hata shangazi yake bwana harusi akashikwa na kichefuchefu akiitazama. Sauti iliyosikika ilikuwa ya feni. Tena kamera ile, ambayo sikujua kwamba hujizima yenyewe ikikaribia nusu saa, ilijizima wakati bwana harusi akivuta pumzi ya kusema amekubali.

Nilidhani baada ya hapo hakuna atakayeniita tena. Jumatatu yake nikapigiwa simu.

Aliyepiga alikuwa Mzee Mbarak wa Msambweni, mwenye duka la mabati na misumari. Alinisalimu, akaniuliza hali ya mamangu, kisha akasema binti yake Fauzia ataolewa Jumamosi ya wiki inayofuata, na kwamba amesikia Ukunda yuko kijana anayepiga video. Inaelekea hakusikia zaidi ya hapo. Akauliza kama nina vifaa kamili.

"Kamili, mzee," nikasema.

Nilikuwa na kamera moja, lenzi moja, betri moja na kadi moja.

Mkewe akaichukua simu. Mama Fauzia ni mtu wa maneno machache na yote huwa yamepimwa. Alinieleza kwamba wanachotaka ni shughuli ya wanawake, ile ya ndani, siku bibi harusi anapopambwa na watu wanapocheza chakacha buibui zikiwa zimewekwa kando. Hakuna mwanamume atakayeingia. Wala hakuna mwanamume atakayeiona picha hiyo, si siku ile wala baadaye. Akaniuliza kama ninaye mwanamke wa kupiga.

Nikasema ninaye.

Akaniuliza kama ninaye mwanamke wa kuihariri.

Nikasema ni huyo huyo.

Simu ilipokatika nilikuwa nimesema uongo mara tatu kabla ya kunywa chai, na badala ya kuogopa nikaanza kucheza peke yangu chumbani. Mwaka huo nilikuwa hivyo. Nikipata kazi, kichwa kilikuwa chepesi kama puto.

Asubuhi ile ile nikaenda Kona ya Musa kwa Kavumbi. Kavumbi ni mtu wa bara aliyehamia Ukunda zamani, ana chumba cha kukodisha vifaa vya picha, na kila mpiga video wa Diani amepitia mikononi mwake. Niliingia nikaenda moja kwa moja kwenye lenzi moja ndefu, nyeupe, nene kama paja. Niliitaka kwa roho yangu yote. Nilijiona nimeibeba Msambweni na watu wanapisha njia.

"Maze, hiyo ni ya kupiga ndovu Shimba Hills wakiwa mbali," Kavumbi akasema. "Bibi harusi yuko hatua tatu mbele yako. Ukimpiga na hiyo utatoka na pua peke yake."

Akanikalisha kwenye kreti ya soda, akaniuliza kilichotokea Ukunda. Nikamweleza yote, na hakucheka, jambo lililonitisha. Akasema vijana wote huanza na lenzi kwa sababu ndiyo inayoonekana na watu. Yeye angeanza na miguu, halafu masikio, halafu taa. Lenzi ingekuja mwisho.

Miguu alimaanisha stendi. Alitoa tatu. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, nzuri, inang'aa, na ndiyo niliyoipenda. Akafunga kamera yangu juu yake, akaniambia nifuate kwa picha tuk-tuk moja inayotoka ng'ambo ya barabara mpaka ifike kwenye kona. Kichwa cha stendi kilikwama, kikaruka, kikakwama tena. Kwenye kioo cha kamera tuk-tuk ilikuwa ikirukaruka kama chura.

Stendi ya tatu ilikuwa nzito, imechubuka, mguu mmoja umefungwa kwa utepe mweusi. Lakini kichwa chake kilizunguka polepole kama kijiko ndani ya asali. Nikaifuata tuk-tuk nyingine, ikapita kwenye picha laini kabisa mpaka ikapotea. Nikacheka kwa furaha. Nikaomba nirudie. Nilizifuata tuk-tuk saba, na ya nane nikazuiwa na Kavumbi, aliyekuwa na wateja wengine.

Kwa masikio alinipa vitu viwili. Kimoja ni kinasa sauti kidogo, kama kipande cha sabuni, cha kuwekwa karibu na waimbaji. Alinionyesha kwamba ukianza kurekodi unapiga kofi moja mbele ya kamera, na baadaye unalinganisha kofi la kwenye picha na kofi la kwenye kinasa sauti, na midomo na maneno vinakwenda pamoja. Cha pili ni maiki ya kukaa juu ya kamera. Hiyo ilikuwa uchi. Kofia yake ya manyoya, inayozuia upepo usivume ndani ya sauti, ilinyakuliwa na tumbili Diani mpiga video mmoja alipokuwa akinywa soda.

Akanielekeza kwa fundi wa cherehani aliyekaa barazani, mlango wa pili, akasema huyo atashona chochote.

Ndivyo nilivyokutana na Twaiba.

Nilimpa salamu, nikamwekea maiki mezani na kumweleza shida yangu. Hakushangaa. Aliizungushia futi akaipima urefu na unene kama anavyopimwa mtoto kanzu ya madrasa, akachukua kipande cha manyoya kilichobaki kwenye koti la mteja, na kabla sijamaliza kusimulia habari za tumbili, maiki ilikuwa imevaa.

Kisha akafanya jambo ambalo mimi mwenyewe sikulifikiria. Aliwasha feni yake, akaielekeza kwenye maiki, akaomba vile vya kuvaa masikioni asikilize. Akasikiliza. Akavua kofia, akasikiliza. Akaivalisha tena. Akaniuliza mbona kuna mlio mwingine mdogo, tik, tik, kila kamera inapomtazama. Nikamwambia ni injini ya lenzi ikitafuta umbali. Akauliza kwa nini nisiizime nikazungusha kwa mkono. Sikujua kwamba inazimika.

Akaomba aishike kamera. Alibana viwiko mbavuni, akazuia pumzi kama anayetia uzi kwenye sindano, akaielekeza kwa muuza maembe upande wa pili. Nikatazama kioo. Picha ilikuwa imetulia kama imebandikwa ukutani.

Nikamwambia palepale: nina harusi Msambweni, nahitaji mwanamke wa kupiga na kuhariri, na siku zilizobaki ni kumi na mbili. Alimaliza kukunja pindo la dera alilokuwa nalo mapajani. Akauliza maswali ya ratiba. Akauliza nani atakuwapo wakati wa kuhariri, maana yeye hakai chumbani na mwanamume. Nikasema tutahariri kwa mamangu Bodo, mlango wazi, mama akiwapo. Mwishowe akanitazama.

"Sharti langu ni moja, kaka Luqman. Mwisho wa video jina langu liandikwe. Twaiba, kwa herufi kubwa kama zako."

Nikakubali kabla hajafunga mdomo.

Kila alasiri tukafanya mazoezi nje ya duka la Kavumbi. Nilimfundisha nilichokijua, na kufikia siku ya nne alikuwa akinifundisha nisichokijua. Nilimwambia asiiguse ile namba hamsini ya mwendo wa kipazia cha ndani ya kamera, la sivyo taa za umeme zitatoa mistari inayocheza kwenye picha. Yeye alichukua chaki yake ya ufundi, akatia alama tatu kwenye pete ya lenzi: moja ya mlangoni, moja ya uwanja wa kuchezea, moja ya kiti cha bibi harusi. Akizungusha pete mpaka kwenye chaki, uso unatokea wazi bila kubahatisha. Kavumbi alipoiona alama ile alimwita mwenzake aje aitazame.

Taa alinipa Kavumbi, bapa, kali sana. Twaiba akaitazama mara moja akasema itafanya dhahabu ya bibi harusi iwe kama vioo vya gari. Akaishonea pazia la kitambaa cheupe cha bitana. Mwanga ukatoka mpole. Nilikuwa nikirudi chumbani kila jioni nikitabasamu barabarani, na watu walionisalimu hawakuelewa ninachowajibu.

Jumamosi ikafika.

Tulishuka Msambweni mapema na mabegi manne. Twaiba akaingia ndani na wanawake, pazia likashushwa, nami nikabaki uani na wapishi, karibu na sufuria la pilau, nikiwa nimeshika simu na begi la betri na kadi nilizokodi kwa Kavumbi. Kazi yangu yote siku ile ilikuwa kupokea mkono ukitokea dirishani chini ya pazia. Mkono ukija na betri tupu, naweka iliyojaa. Mkono ukija na kadi, naitia kwenye kibweta, nakifunga.

Ngoma zikaanza. Ukuta ukatetemeka. Muda si muda simu ikalia.

Twaiba akaniambia kwa sauti ya chini kwamba sakafu inaruka kwa wachezaji na stendi inaruka nayo. Nikaanza kumshauri mambo mengi kwa pamoja. Alinikatiza kwa adabu, akasema anahitaji kitu kizito cha kuning'iniza chini ya stendi, na kwamba ameona kuna mchele. Nikamwomba mpishi mkuu kilo tano za mchele. Akauliza za nini. Nikamwambia ni za kutuliza picha. Akanitazama kwa muda, akanipa, na tangu hapo aliwaambia wenzake wasinipe kazi ya moto.

Mchele ukapita dirishani. Simu haikulia tena kwa nusu saa.

Ndipo nikakumbuka ile tabia ya kamera ya kujizima, na jasho likanitoka, kwa maana katika mazoezi yote nilikuwa nimesahau kumwambia. Nikampigia. Hakupokea. Nikapiga tena. Nikasikia vigelegele vikipanda ndani, maana yake bibi harusi anaingia, na nikajua kamera imekwisha lala kama ilivyolala Ukunda. Nikakaa chini kwenye gunia la vitunguu.

Mkono ukatokea chini ya pazia na betri tupu. Nikauliza kwa sauti kama ile kamera imejizima. Twaiba akajibu kwa upande wa pili wa pazia kwamba iligoma Jumatano kwenye mazoezi, akauliza maana yake, Kavumbi akamweleza. Kwa hiyo kila wimbo unapoisha anaizima na kuiwasha mwenyewe, akapiga kofi, akaendelea. Akaomba betri.

Nikampa. Nikacheka peke yangu mbele ya wapishi mpaka machozi yakanitoka, na mpishi mkuu akasogeza kisu chake kikubwa mbali nami.

Siku ya pili tukaenda Bodo. Kavumbi alikuwa ametuazima laptopu, tukaiweka kwenye meza ya mamangu, mlango wazi kuelekea mikokoni. Nilimpa Twaiba kiti mbele ya kioo. Mimi nikakaa nyuma ya kiti chake, nimemgeuzia mgongo, uso kwenye mikoko, na kumwelekeza kwa mdomo. Bonyeza mkasi. Tafuta kofi. Sogeza sauti mpaka makofi mawili yawe moja. Sasa kata wimbo unapoisha, usikate mtu akiwa katikati ya hatua.

Mama alijiwekea mkeka karibu na laptopu, mwiko mkononi, akasema akiniona nimegeuza shingo hata kidogo atanikumbusha umri wangu. Lakini kufikia adhuhuri alikuwa amesahau sufuria jikoni. Nikimsikia akicheka, nikimsikia akisema, "Tazama huyo, tazama anavyokwenda." Twaiba naye akicheka. Mimi nikitazama mikoko. Wali ukaungua, tukaula hivyo hivyo, na sijawahi kula wali mtamu kama ule.

Siku tatu tulifanya kazi namna ile. Nilijifunza kuijua video kwa masikio. Nilijua Twaiba akinyamaza anachagua, na akivuta pumzi amepata. Siku ya tatu alasiri akasema imekwisha, akazima kioo, akaniambia sasa naweza kugeuka. Nikageuka. Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu na uso wote umefurahi, na mimi nikasahau nilichotaka kusema. Nikauliza kama betri ya laptopu imebaki.

Lililobaki lilikuwa kubandika majina mwishoni. Twaiba alikuwa na nguo za mteja zinazomngoja Ukunda, kwa hiyo akaacha sekunde kumi nyeusi mwisho wa video, akanifungia sehemu nyingine zote nisizione, akaniambia niandike hapo. Mama alishuhudia.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuparuka, lakini mhariri wa gazeti hili ameniambia nikiruka hatachapisha.

Nilikaa mbele ya zile sekunde nyeusi nikaandika: IMEPIGWA NA TWAIBA. Chini yake nikaandika: IMEHARIRIWA NA TWAIBA. Nikatafuta pa kujiweka mimi. Niliandika kwamba vifaa vimeletwa na Luqman. Nikaona kama tangazo la mchukuzi. Nikaandika kwamba betri zimebadilishwa na Luqman. Nikafuta. Nikawaza Msambweni nzima ikilisoma jina lile mara mbili, nikawaza simu zikipigwa, kila mama mwenye binti akimtaka Twaiba, nami nimebaki na kamera na mabega ya kuibebea.

Nikafuta yote. Nikaandika mstari mmoja: IMEPIGWA NA KUHARIRIWA NA LUQMAN. Kwa herufi kubwa.

Nilijiambia nitamweleza Twaiba kabla ya siku ya kuonyeshwa. Sikumweleza. Kila nilipopita barazani kwake alikuwa akiimba.

Ijumaa baada ya sala tulialikwa kwa Mzee Mbarak. Wanawake walikaa ndani mbele ya televisheni, Twaiba miongoni mwao, amekalishwa karibu na Fauzia mwenyewe. Wanaume tulikaa barazani na kahawa na haluwa. Nilikuwa nimebeba kamera na stendi, na nilikuwa nimekwisha kuzisimamisha pale barazani, kwa sababu nilitaka Mzee Mbarak aseme maneno mawili matatu ya kunisifu, niyaweke mtandaoni. Mnaona nilivyokuwa.

Kutoka ndani tulisikia kofi la kwanza, kisha ngoma. Sauti ilikuwa safi, hakuna feni hata moja. Wanawake walicheka, wakapiga vigelegele kuipokea video kama walivyompokea bibi harusi. Kuna mahali walilia. Mzee Mbarak hakuweza kuona kitu, lakini alifumba macho akatikisa kichwa kwa kusikiliza, akanishika bega, akaniambia nimemheshimu. Nikajihisi nimekuwa mrefu.

Ngoma ikaisha. Pakawa kimya.

Kimya kile hakikuwa cha watu walioridhika. Kilidumu. Kisha pazia likafunguliwa, Mama Fauzia akatoka, buibui imefungwa barabara hata kidevuni. Nyuma yake Twaiba. Wengine wakabaki ndani, lakini pazia lilijaa vivuli.

"Mwanangu Luqman," Mama Fauzia akasema, "hebu nieleze mstari wa mwisho."

Nilikuwa nimelifikiria jina la Twaiba lililokosekana. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo kidogo. Lakini sikuwa nimefikiria kile wanawake wa Msambweni walichokisoma. Walimwona Twaiba akipiga, hilo halikuwa na shaka. Sasa kioo kiliwaambia kwamba mwanamume ndiye aliyeihariri. Maana yake mwanamume amekaa siku tatu akimtazama kila mmoja wao bila buibui, mama zao na binti zao, mbele na nyuma, mara kwa mara, polepole.

Mzee Mbarak aliondoa mkono begani kwangu. Aliweka kikombe chini, na kile kikombe kiligonga sahani kwa namna ambayo bado naisikia.

Nikasema si hivyo. Nikasema ni Twaiba, ni yeye, nilikuwa nimegeuza mgongo, mamangu ni shahidi. Maneno yalitoka yote kwa pamoja na hakuna aliyeyaamini, kwa sababu mkono wangu mwenyewe ulikuwa umeandika kinyume. Nikamgeukia Twaiba aniokoe.

Twaiba hakuniokoa. Alitembea mpaka kwenye stendi. Akalegeza kichwa chake, akaigeuza kamera pole pole kutoka kwenye kiti cha Mzee Mbarak mpaka kwangu. Akaivalisha maiki ile kofia ya manyoya, maana barazani kulikuwa na upepo. Akazungusha pete ya lenzi. Akapiga kofi moja.

"Imeanza, kaka Luqman," akasema. "Sema nani aliipiga na nani aliihariri, na mstari ule aliuandika nani."

Miezi yote ile nilikuwa nimekaa nyuma ya kamera. Sikujua kumbe mbele yake ni mahali pa namna gani. Mikono yangu haikuwa na pa kukaa.

Nikasema. Nilisema ameipiga Twaiba na ameihariri Twaiba. Nilisema mimi sijaiona hata sekunde moja isipokuwa zile kumi nyeusi, na kwamba nilimwahidi jina lake, nikaliandika, kisha nikalifuta. Nyuma ya pazia mtu mmoja akashusha pumzi, wakafuata wengine. Nilimsikia Fauzia akisema kitu, wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliorudishiwa kitu chao. Mama Fauzia alifunga macho, akasema alhamdulillahi.

Nilidhani yamekwisha. Mzee Mbarak hakudhani hivyo.

"Ulilifuta kwa nini?" akauliza.

Ningeweza kusema ni ujinga wa ujana. Lakini lenzi ilikuwa ikinitazama, na nyuma ya lenzi alikuwako Twaiba.

"Niliogopa akijulikana hatanihitaji tena," nikasema.

Mama Fauzia akafungua macho, na safari hii alinitazama vizuri. "Kwa kazi," akauliza, "au kwa lingine?"

Vivuli vikalisogelea pazia.

"Kwa lingine," nikasema.

Sijui niseme nini kuhusu uso wa Twaiba, kwa sababu aliuinamisha kwenye kamera. Alibonyeza, akazima. Akaichomoa kutoka kwenye stendi bila haraka, akafunga kifuniko cha lenzi, akaitia ndani ya begi, akachukua na betri mbili, na kadi, na maiki. Akavaa begi begani. Kisha akawaaga wenye nyumba kwa heshima zote, Mama Fauzia akamshika mikono yote miwili, na kutoka ndani ya pazia sauti zikamwita kwa jina, Twaiba, Twaiba, ajibu simu zao.

Alipofika kwangu akasimama.

"Jumapili nimeitwa harusi Lunga Lunga," akasema. "Wameniita mimi peke yangu. Kamera nakwenda nayo."

Nikamwuliza lile lingine je.

"Hilo haliulizwi barazani," akasema, akateremka ngazi.

Tuk-tuk ilikuwa ikipita, akaisimamisha, akapanda na begi mapajani. Nikabaki na stendi, miguu mitatu na juu hakuna kitu. Moyo ulikuwa ukinienda mbio, na nawaapia, sikuwa na huzuni hata kidogo. Nilikuwa nikitabasamu kama mtu aliyepigwa na jua.

Mzee Mbarak alikuja akasimama kando yangu, akaitazama tuk-tuk nayo inakwenda.

"Hebu niambie, kijana," akasema. "Ile kamera umemwazima, au umempa?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Tuk-tuk ikafika msikitini, ikakata kona, ikapotea, na mdomo ulikuwa bado wazi.